Siwatu binti Pazi na Harusi ya Ukingoni

Ninyi mlioingia leo langoni, kaeni, msikie mji huu ulitoka wapi.

Enzi zile Ukingoni haujawa na jina, wala haujaonekana kwenye orodha ya seva, kompyuta zinazobeba michezo ya mtandaoni, ambamo watu huchagua mahali pa kucheza, wazee wetu wa mchezo waliishi Mkole. Kila aliyeingia Mkole alivaa uhusika wake, huyu mfinyanzi, yule askari, yule muuza maziwa, akaishi humo kana kwamba kazaliwa humo. Kisha wakaja wavurugaji, watu ambao furaha yao ni kubomoa walichojenga wengine, wakaufanya Mkole shimo moja kubwa, na mwenye seva akachoka akaizima.

Katika ukoo wa waliokimbia Mkole alitoka Siwatu binti Pazi, Siwatu Mjenzi, Mshika Funguo, funguo ziwezazo kumfungia mtu nje ya seva au kumfufua aliyekufa, mwanamke aliyebeba jiwe la kwanza hadi ukingo wa ramani, mahali ambapo hakuna aliyetaka kukaa, akasema, "Hapa." Nje ya mchezo alikuwa nani, hatujui. Wengine husema alikuwa muuguzi Muheza, wengine husema mama wa nyumbani huko Voi. Sisi tunamjua binti Pazi, na Pazi alikuwa mfinyanzi, kwa sababu yeye alisema hivyo.

Wavurugaji walipochimba chini ya soko ili lidondoke, Siwatu alishuka shimoni peke yake akawajengea ukuta mbele na nyuma, wakakaa humo mpaka wakaomba msamaha kwa kuimba. Mtu mmoja aitwaye Chande alipoiba milango yote ya mji, hata wa choo cha askari, Siwatu hakumfungia nje ya seva. Alimshtaki barazani, kila mtu akiwa katika uhusika wake, akatamka hukumu: "Umependa milango. Basi utakuwa bawabu." Chande alicheka siku ile, lakini alibaki, na hajatokea tena bawabu kama yeye.

Kwa hiyo watu wakaiamini sheria ya Siwatu kuliko upanga. Alisema, aliyekufa ndani ya mji amekufa, jina lake halirudi. Na juu ya hiyo aliweka nyingine kubwa zaidi: Lililosikika nje halina masikio ndani. Ulichosoma kwenye simu yako, au ulichoambiwa na rafiki nje ya mchezo, huwezi kukitumia ndani dhidi ya mtu. Ndani mtu huhukumiwa kwa alichotenda ndani. Maana Mkole ulioza kabla haujabomolewa. Watu walifukuzana kwa umbea wa kwenye simu, mpaka wakabaki wachache mno wa kuulinda.

Ndipo akaja mganga aitwaye Tandala. Alitibu watu kwa upole, akajua hata majina ya mbuzi wetu. Wakati huo Mwanakheri mfumaji alikuwa anaolewa na kijana wa mji jirani, na mji mzima ulikuwa unapamba.

Chande akaja mbio kwa Siwatu. Huko nje alikuwa ametumiwa picha ya maongezi ya Tandala na wenzake, na Tandala alikuwa ameandika: *Harusi ya Ukingoni nitaipikia kwa moto wangu.*

"Dada Siwatu, mfungie nje. Unabonyeza tu, basi!"

"Nikimfungia kwa nililosikia nje, kesho kila mwenye kinyongo ataniletea la nje. Hautakuwa mji tena, utakuwa kijiwe cha wambea."

"Wambea hawachomi nyumba, dada."

Siwatu alikwenda kwa Mwanakheri akamwomba aahirishe harusi, na Mwanakheri akamtazama akasema, "Bibi, umeota vibaya, au umechoka kutupenda?" Hakuweza kumwambia kwa nini. Akaamuru mifereji ya maji ichimbwe kuzunguka ukumbi, na watu wakachimba huku wakicheka, "Harusi gani hii, au tunalima mpunga?" Siku ya harusi Mshika Funguo, aliyewashinda wachimbaji wa soko, alikwenda kuketi nyumbani kwa mganga akajifanya anaumwa jino, ili asimwache hata dakika moja.

"Jino lipi, Bibi?" Tandala akauliza.

"Lote."

Mganga akacheka taratibu. "Sheria yako ni nzuri sana, Bibi. Inanipenda."

Alipokuwa bado anatabasamu, moto ukawaka. Haukutoka kwake. Waliouwasha walikuwa watu waliopita langoni asubuhi wakisema ni jamaa za bwana harusi, nao walimwaga moto juu ya ukumbi kutoka paani, pasipofika mfereji. Sasa walikuwa wametenda ndani, basi Siwatu aliwafungia nje mmoja mmoja, nao wakarudi kwa majina mengine, akawafungia tena, wakarudi. Alipoona hawaishi alimtupia Chande funguo, akaingia ukumbini, akamsukuma Mwanakheri nje kupitia dirishani. Paa likamwangukia Siwatu.

Watu walimzunguka Chande wakipiga kelele, "Mfufue! Funguo unazo, mfufue!" Angeweza. Alisimama na funguo mkononi, akilia, na hakumfufua. Baadaye alimwandikia Siwatu nje ya mchezo. Kama alijibiwa, hajatuambia, na kwa sheria hatuwezi kumuuliza.

Siku zote zile Tandala hakuwasha hata kiberiti. Alizunguka akiwafunga bandeji walioungua, na baraza lilipoketi halikupata kosa la kumshtaki. Kisha akaondoka kwa hiari yake.

Tulijenga upya juu ya majivu. Tulibishana kuhusu sheria ile mpaka sauti zikatukauka. Wapo waliotaka ifutwe, lakini kila tulipotaka kuifuta tuliukumbuka Mkole, na kila tulipotaka kuisifu tulimkumbuka binti Pazi. Haikufutwa. Jina la Siwatu halijawaka tena kwenye orodha ya walio ndani, na hakuna mtoto wa mji huu aliyepewa.

Basi ninyi wageni, mmesema ninyi ni wahunzi, wapishi na waganga, nasi tumewaitikia hivyo. Kama kati yenu yupo aliyekuja na moto, huenda mmoja wetu ameshaambiwa huko nje, naye ameketi hapa anamtazama na hawezi kusema. Karibuni Ukingoni. Nyumba zenu ziko tayari.