Kamba ya Nashipae

Mtu mmoja alikuwa na mlima usio na mto. Aliitwa Sironka, na mlima wake ulikuwa katikati ya Bonde la Ufa, mahali ardhi inapoachana polepole, upana wa ukucha kwa miaka kadhaa. Kwenye nyufa zake ulitoka mvuke. Watu waliutega kwa mabomba marefu, ukapoa humo, ukadondoka maji kwenye debe. Kijiji kizima kilikunywa maji hayo. Hakukuwa na mengine, ila ya mvua.

Sironka alipoona macho yake yanafifia, alichukua wanafunzi wawili, watu wazima wenye watoto: Letura na Nashipae. Walikuja wakitaka kujifunza kuchimba. Akawapa kamba. Wapime upana wa ufa, kigingi hadi kigingi. Wahesabu kivuli cha bomba kimesogea hatua ngapi hadi debe lijae, wafunge mafundo idadi hiyo. Letura alivumilia mwaka mmoja, akaondoka akisema kazi hiyo ni kumchosha mtu bure. Simlaumu sana, hata mimi ningechoka. Nashipae alifunga mafundo miaka minne.

Kisha mvua zikakatika. Mashimo ya mvuke yalikuwa mawili, watu wakataka la tatu. Sironka alikuwa amewakataza maisha yake yote, lakini aliwasikia watoto wakililia maji, akalainika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali. Letura akachimba. Mvuke ulipofoka watu walishangilia, na Sironka akashangilia nao.

Nashipae alikwenda akakaa kwenye shimo la kwanza na kamba yake. Debe lililokuwa likijaa kabla ya adhuhuri, siku hiyo lilijaa jua likitua. Kesho yake halikujaa kabisa. Akarudi mbele ya watu wote, akaiweka kamba mikononi mwa mzee.

"Baba, wewe ndiwe uliyenifundisha kupima, na leo nakwambia umekosea: mvuke wa mashimo yote ni mmoja, ziba hili."

Watu wakashika vichwa. Mwanafunzi anamkosoa mwalimu wake hadharani! Sironka aliishika kamba. Alipapasa fundo baada ya fundo, hadi akafika mwisho wa kamba, ambako mafundo ya siku hizo mbili yalisongamana. Akapiga magoti, akaanza kulifukia shimo kwa mikono yake. Letura alishika jembe, akamsaidia.

Walikunywa kidogo kidogo, kila nyumba kibuyu kimoja, hadi mvua ziliporudi. Hakufa mtu. Debe la shimo la kwanza likajaa tena kabla ya adhuhuri. Sironka alikaa kando ya bomba akisikiliza matone, akalia kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Tangu macho yake yafifie, siku hiyo ndiyo ya kwanza ambayo hakuogopa kufa.

Sasa nawauliza ninyi wenye wanafunzi: yupo hata mmoja mliyemfundisha vya kutosha kuwaambia kwamba mmekosea?