Kama Alivyosema Pimbi

Hapo zamani za kale, sogeeni basi, na wewe hapo acha kumfinya mwenzako, sitarudia! Hapo zamani za kale wanyama wa milimani walikuwa na nyumba zao, majiko yao na hata wasomi wao.

Msomi mmoja aliitwa Bi Pimbi. Mdogo, lakini macho hayo! Kazi yake ilikuwa kuchunguza vitu vinavyogeuka: maji yanavyokuwa mvuke, mafuta yanavyoganda na kuyeyuka. Aliishi na mapacha wake katika pango la Mwamba Mkuu, pango pekee lenye joto mji mzima.

Siku moja Mzee Tembo, mkuu wa mji, akapuliza mkonga. Puuu!

"Pango la Mwamba Mkuu litakuwa la msomi ambaye maneno yake yanatumika kuliko ya wote! Mila mnaijua. Ukitumia elimu ya mwenzako, useme 'kama alivyosema fulani'. Siku ya gulio, kila anayetajwa atiliwe jiwe kikapuni mwake. Mwenye mzigo mzito ndiye mshindi!"

Pimbi aliwatazama mapacha wake. Baridi ya kipupwe ilikuwa inauma. Angewalaza wapi watoto? Akakimbilia kwa Bi Kanga, muuza maharage.

"Shoga, si mimi niliyekufundisha kufunika chungu, mvuke usipotee? Utanitaja?"

"Hee! Kufunika chungu? Siku hizi nani asiyejua hilo? Nimtaje nani na nimwache nani?"

Na wasomi wenzake, Kiboko na Nyati, je? Wao walishanong'onezana: "Nitaje, nikutaje." Kiboko hata kichwa kisingeingia pangoni, lakini alilitaka la kuwekea viazi!

Pimbi akawaza, akawazua, akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mawe yamejaa njiani, yeyote ataokota. Anayetaja atoe kitu chake. Atoe donge la mafuta ya nazi."

Kila nyumba ilikuwa na mafuta hayo ya kujipaka, na asubuhi za kipupwe huganda hata uyachimbe kwa kijiko. Tembo akakubali. Kiboko na Nyati wakacheka, kwa! kwa! kwa!

"Wenye mitungi mikubwa si ndio sisi?"

Siku ya gulio, alfajiri, wakaweka vikapu vyao juu ya mwamba. Pimbi akaweka kibuyu chini, pale mfereji wa mwamba unapoishia.

"Kibuyu cha nini?" Nyati akauliza.

"Kikapu sina, bwana. Na mdogo hukaa chini."

Wakaanza. "Kama alivyosema msomi Nyati, majani huliwa!" Pu!

"Kama alivyogundua msomi Kiboko, tope huteleza!" Pu!

Vikapu vikafurika. Kibuyu kitupu.

"Jamani, nimesema tangu zamani," Pimbi akawaambia waziwazi. "Mafuta haya huvumilia joto, huvumilia, utadhani hayasikii. Likifika la kuyatosha, yote huachia kwa mpigo."

"Nenda zako huko!" Nyati akabonyeza donge. "Gumu kama jiwe." Wakaenda zao kula maharage.

Jua likapanda. Bado magumu. Likapanda tena. Bado. Halafu, chururuuu!

Adhuhuri Tembo akaja kupima. Akainua kikapu cha Kiboko. "Kitupu!" Cha Nyati. "Kitupu!" Akashika kibuyu. "Lo! Kizito hiki!"

Kiboko akaja mbio, maharage mdomoni. "Mwizi! Hayo yetu!"

"Yenu yalikuwa madonge, haya ni majimaji. Imekuwaje?" Tembo akauliza.

"Jua, mzee! Mafuta huvumilia joto, huvumilia, halafu yote huachia kwa mpigo, kama alivyose..." Akaziba mdomo.

"Kama alivyosema nani?"

Asipoeleza mafuta yalivyotoka kikapuni mwake, basi itaonekana hakuwahi kutajwa na mtu. Akisema, amemtaja Pimbi.

"Sema, bwana, tunaaibika!" Nyati akafoka. "Kama alivyosema Pimbi!"

"Kama alivyosema Pimbi," Kiboko akanung'unika.

Bi Kanga naye akaona haya. "Na mimi chungu nakifunika kama alivyosema Pimbi!" Gulio zima likapokea: kama alivyosema Pimbi! Kama alivyosema Pimbi!

"Pango ni lako, mwanangu," Tembo akasema. "Na kibuyu nenda nacho."

Jioni hiyo mapacha walipakwa mafuta wakang'aa mpaka masikioni, wakalala kwenye joto lao. Kiboko aliposhuka mwambani alikanyaga mafuta, akateleza, tii! Hilo aligundua mwenyewe.

Haya, nendeni mkalale, na mshike hili: sifa za kupeana huyeyuka jua likiwaka, bali elimu ya kweli hata mpinzani wako ataitaja.