Hazina Iliyotoka Tumboni mwa Shani

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa zizi, ng'ombe na gulio la Jumanne!

Haya, sogeeni. Hapo kale, si kale sana, palikuwa na mjane mmoja, jina lake Nakijwa. Aliishi chini ya milima na ng'ombe wake mmoja, Shani. Maziwa ya Shani ndiyo yaliyomlisha, yakamvisha, yakamsomeshea wanawe.

Kijijini hapo watu walipenda mifuko ya plastiki, we acha! Ukinunua nyanya, mfuko. Ukinunua chumvi, mfuko. Ukinunua pilipili moja, moja tu jamani, mfuko! Ukifika nyumbani, huo, unatupwa. Upepo unauchukua, unautundika miibani.

Siku moja Shani akakataa majani. Siku ya pili akakataa maji. Siku ya tatu akalala chini, tumbo limevimba kama ngoma. Nakijwa akakimbia, akakimbia, akakimbia, mpaka kwa bwana mifugo.

Bwana mifugo akaja, akamgonga Shani ubavuni. Ti! Ti! Ti!

"Mama, hapa hapana ugonjwa. Hapa pana mzigo."

"Mzigo gani, baba?"

"Nipasue uuone, au nimwache afe?"

"Pasua! Pasua!"

Akampiga sindano ya ganzi, akapasua, akatia mkono mpaka begani. Akavuta. Mfuko! Akavuta. Mfuko! Akavuta tena: mifuko, imesokotana kama kamba! Ndoo ikajaa. Akamshona Shani, naye Shani akapumua. Fuuu! Nakijwa akalia, akacheka, akalia tena.

Mnadhani alikwenda kugombana? Thubutu! Aliimwagia mifuko ile maji, akaitia kikapuni, akafunika kwa kanga. Jumanne akasimama katikati ya gulio.

"Jamani! Ng'ombe wangu katoa hazina tumboni! Mwenye mali aje achukue chake!"

Hazina! Watu wakaja mbio, wengine na kiatu kimoja.

"Nataja," akasema Nakijwa. "Cha buluu, kilichotoka kwenye kibanda cha chumvi!"

"Changu hicho!" akapaza sauti Mzee Semboja, muuza chumvi. "Nani mwingine hapa anauza chumvi?"

"Chekundu, kilichotoka kwenye meza ya dagaa!"

"Changu!" akaruka Bi Hiza, muuza dagaa. "Naapa mbele ya watu wote!"

Nakijwa akafunua kanga. Akampa Semboja mfuko wa buluu. Akampa Hiza mfuko mwekundu.

"Shikeni mali yenu. Ilikuwa inamuua Shani wangu."

Wangeikana vipi, nao wameidai wenyewe?

Kisha Bi Hiza akachungulia chini kabisa ya kikapu. "Na huu mweusi, uliofungwa kwa kipande cha kanga, wa nani?"

Nakijwa akauchukua. Akaugeuza. Kipande kile alikichana yeye, akafungia mfuko wa maganda, akautupa nyuma ya zizi.

Angeweza kunyamaza, jamani! Nani angejua? Lakini akauinua juu, kila mtu auone.

"Huu wangu," akasema. "Kweli nyani haoni kundule. Nimekuja kuwaumbua, nimejiumbua."

Bi Hiza akaangua kicheko. Semboja akafuata. Gulio zima likacheka mpaka machozi, na aibu ikapata pa kupitia.

Jumanne iliyofuata Bi Hiza alifunga dagaa kwa majani ya mgomba. Wasuka vikapu wakakosa hata nafasi ya kula. Naye Semboja? Ukija mikono mitupu, anakufukuza: "Rudi ukalete kopo!" Jumanne ya kwanza watu walinung'unika. Ya pili wakaguna. Ya tatu kila mtu kaja na chombo chake, isipokuwa jumbe mwenyewe, mkuu wa kijiji.

"Nifungie, Semboja. Mimi ni jumbe."

"Jumbe, chumvi ipo. Chombo kiko wapi?"

Jumbe akatazama kushoto, akatazama kulia, akajitazama. Siku hiyo alirudi nyumbani kipara kikimeremeta juani, chumvi yake kaibeba kwenye kofia.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, ilambeni nyote. Ikiwa chungu, niachieni niimeze mwenyewe.