Kompyuta Iliyokula kwa Mbeleje

Sogeeni karibu, na aliyeshiba asisinzie. Hadithi hii nitaianza mimi, lakini kuimaliza ni kazi yenu, na ninawaonya mapema kwamba wapo waliogombana kwa ajili yake mpaka leo hawapeani chumvi.

Kibaigwa, mji wa mahindi na maroli, palikuwa na watu watatu wenye vipaji vitatu. Nyemo alijaliwa sikio. Ukiangusha sufuria nyumba ya tatu, atakuambia ni ya nani na imebonyea upande gani. Sila alijaliwa vidole. Kinanda akikigusa kinamtii, na kompyuta iliyowatoa wenzake jasho yeye huimaliza kabla chai haijapoa. Tabu, mshereheshaji wa harusi, alijaliwa ulimi. Aliwahi kumfanya bwana harusi mmoja bahili aahidi ng'ombe wa pili mbele ya wageni, na yule bwana akamshukuru kwa kumkumbusha.

Alikuwepo pia Dastani, mwenye studio. Kipaji chake mtakiona wenyewe.

Nyemo alilelewa na babu yake, Mzee Chilongani, mpiga ilimba. Kwa asiyelijua, ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba juu yake. Unalishika kwa mikono miwili, unavipiga vile vyuma kwa vidole gumba. Tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoifanya sauti ivume kama nyuki. Kutafuta utando ilikuwa kazi ya Nyemo tangu akiwa mdogo.

Mzee alikuwa na desturi yake. Kila alipomaliza kupiga, aligonga chuma kikubwa cha kushoto kwa nguvu, kisha akamtaja aliyempikia siku ile. "Nimekula kwa fulani," husema. Siku nyingi fulani huyo alikuwa mkewe, Bibi Mbeleje, naye Bibi hujibu kutoka jikoni, "Na kesho uje." Walifanya hivyo miaka arobaini, wala hawakuchoka.

Sila wakati huo alikuwa fundi katika studio ya Dastani. Akamwendea Mzee na ombi.

"Babu, nataka kurekodi ilimba lako. Si nyimbo. Kila chuma peke yake, kwa upole, kwa wastani, kisha kwa nguvu. Sauti hizo nitazipanga ndani ya kompyuta ziwe ala kamili. Mtu wa mbali asiyejua hata ilimba likoje atabonyeza kinanda, kwa upole au kwa nguvu, nalo litalia kama hili."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Utakuwa humo humo, babu."

"Basi andika jina langu mlangoni," Mzee akasema.

Wakatundika magodoro ukutani kuzuia kelele, wakarekodi asubuhi tatu. Siku ya mwisho utando ulipasuka, na Nyemo akaubandika mwingine juu yake haraka haraka, ukakaa upande. Tangu hapo chuma cha tatu kikawa kinakoroma kidogo. Mzee akakipenda hivyo hivyo. Walipofika kwenye chuma kikubwa cha kushoto, zamu ya kukipiga kwa nguvu, Mzee akagonga, akasema kama kawaida yake, "Nimekula kwa Mbeleje."

"Babu! Sauti haijaisha, usiseme neno!"

"Kijana, nimekula nisishukuru?"

Sila akacheka. Akajisemea moyoni kwamba ataisafisha baadaye.

Mwezi haukuisha, Mzee akafariki. Sila akachukua nakala moja kwenye flashi akawa anaisafishia nyumbani, akifuta kikohozi hapa, jogoo pale, honi ya pikipiki kule. Nakala nyingine ilibaki kwenye mashine ya studio, na hapo ndipo Dastani alipoonyesha kipaji chake. Aliichukua vile vile ilivyo, hakuifuta hata vumbi. Akaitengenezea priseti tano, yaani milio iliyopangwa tayari, ya harusi, ya injili, ya kulia, ya kucheza na ya matangazo. Akaibatiza jina, Dhahabu ya Dasta, akaitoa iwe pulagini, programu ya kuchomekwa kwenye kompyuta ya kila prodyuza. Mwaka haukuisha, hapakuwa na harusi isiyolia sauti ile. Sila alipouliza, alionyeshwa mlango.

Redioni wakamuuliza Dastani ni nani aliyepiga.

"Hakuna aliyepiga," akajibu. "Hakuna mzee, hakuna kijiji. Ni hesabu za kompyuta, nimeziumba mwenyewe."

Nyemo hakusikiliza redio siku ile. Alikuwa kwenye harusi akigawa pilau, wimbo ukaanza, na chuma cha tatu kikakoroma. Akasimama na sinia mkononi. Alijua mkoromo ule. Ulikuwa utando wake mwenyewe, ule uliokaa upande. Akamuuliza jirani wimbo ule ni wa nani, na jirani, kwa nia njema kabisa, akamweleza yote yaliyosemwa redioni. Hakuna mzee.

Aliliacha sinia, akarudi nyumbani. Mtu akikuibia kuku unaweza kumsamehe, ana njaa. Huyu alikuwa amemchukua babu, akamtia kazini usiku na mchana, kisha akasema hakuwahi kuzaliwa. Nyemo hakutaka kuombwa radhi. Alitaka kumwona Dastani akinywea mbele za watu, apungue mpaka atoshe kwenye kiganja.

Bibi Mbeleje naye hakutaka suluhu. Alilitungua ilimba la marehemu ukutani, akaliweka mapajani na kuapa juu yake.

"Atakayemfanya mtu yule alitaje jina la mwenye ilimba hili mbele ya kadamnasi, kwa kinywa chake mwenyewe, huyo ndiye atakayelichukua. Awe ndugu, awe mgeni."

Nyemo akajua moyoni kwamba ni lake. Nani mwingine aliyelitafutia utando miaka yote ile?

Akaenda kwa Sila.

"Flashi yangu haisaidii," Sila akamwambia. "Nikiitoa atasema nimemwibia yeye. Manyoya ya kuku hayasemi kuku ni wa nani."

"Nakala yake yeye, aliisafisha?"

"Dastani? Yule hasafishi hata kikombe. Na kupiga hajui, anachora noti kwa mausi, zote nguvu moja, ya wastani. Milio ya nguvu hajaigusa tangu aipate."

"Basi maneno ya babu yamo."

"Maneno gani?" Sila akakuna kichwa. "Nilifuta takataka mia mbili, dada. Nilikuwa nafuta kwa macho, kwenye kioo, nikiona alama imechomoza nakata. Sikumbuki ipi ilikuwa nini."

"Chuma kikubwa cha kushoto, cha nguvu. Subiri mlio uanze kufa. Hapo ndipo yalipo."

Sila akaanza kunyoosha vidole vyake, kimoja kimoja.

Kilichobaki kilikuwa kuifikia kompyuta yenyewe. Hapo wakamfuata Tabu, naye hakuhitaji kubembelezwa. Dastani aliwahi kumzimia maikrofoni katikati ya harusi ya dada yake wa damu, akasema sauti ya Tabu inaharibu spika. Ni jambo dogo, mtasema. Kwa mwenye ulimi si dogo.

"Niachieni," Tabu akasema. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nitamsifu mpaka alimwage."

Siku ya tamasha la mavuno, mchana kweupe, uwanja wa soko ulijaa. Dastani alipandishwa jukwaani kupewa ngao ya ubunifu, na kompyuta yake ikaunganishwa na kinanda na spika kubwa ili watu wasikie Dhahabu ya Dasta ilivyo. Bibi Mbeleje alikaa mstari wa mbele. Nyemo alisimama nyuma ya kiti chake, ameshika egemeo kwa mikono miwili.

Tabu akamsifu Dastani. Alimsifu kwenda mbele na kurudi nyuma, kichwa, viatu, ukoo, mpaka kola ikambana mtu wa watu. Kisha akashusha sauti.

"Lakini jamani, Kibaigwa kuna wambea! Wanasema ala hii inataka mikono ya fundi wetu peke yake, mwingine akiigusa hailii. Ni kweli?"

"Uongo mtupu!" Dastani akasema. "Ala niliyoiumba mimi, hata mtoto anaipiga."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote!"

"Mmesikia wenyewe. Apande mtu yeyote!"

Sila alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Dastani alipomtambua alifungua mdomo, akakumbuka neno lake la sasa hivi, akaufunga. Watu elfu moja walikuwa wakimtazama. Akasogea pembeni, akitabasamu kwa meno tu.

Sila akapiga. Alianza kwa upole, akapanda wastani, uwanja ukatulia, akina mama wakaanza kutikisa mabega. Alipiga wimbo mzima hivyo. Ulipofika mwisho akauinua mkono, akaushusha kwa nguvu zake zote kwenye noti moja ya chini, kisha akaondoa mikono na kuisubiri.

Mlio ukavuma, ukaanza kufa. Na ndani ya spika mzee mmoja akasema, taratibu, kama mtu anayefuta mdomo, "Nimekula kwa Mbeleje."

Sila akagonga tena. "Nimekula kwa Mbeleje." Akagonga mara ya tatu. Dastani aliurukia waya, lakini Tabu alikuwa ameshamkinga kwa mwili wake mpana na maikrofoni mkononi.

"Fundi wetu! Ulisema ni hesabu za kompyuta. Sasa mbona kompyuta yako imekula? Na huyo Mbeleje ni nani? Na anayekula kwake ni nani? Sema, watu wanakungoja!"

Kicheko kikalipuka. Vigelegele vikafuata. Dastani alitazama kulia, akatazama kushoto. Kila alipotazama, kulikuwa na mdomo ulio wazi.

"Ni Mzee Chilongani," akasema. "Ilimba ni lake."

"Hatujasikia!"

"Ni la Mzee Chilongani!"

Nyemo alimwona akinywea, na sitawaficha, ilikuwa tamu. Alilia kwa utamu. Hata leo watoto wa Kibaigwa wakimwona Dastani humuuliza leo umekula kwa nani.

Siku ya tatu watatu wale walikutana kwa Bibi Mbeleje. Walikula ugali kwa mlenda, wakanawa, na ndipo ugomvi ulipoanza.

"Bila sikio langu," Nyemo akasema, "mngekuwa mnacheza sauti ile harusini mpaka leo. Niliutambua utando, nikakumbuka chuma na maneno. Na mimi ni damu yake."

"Bila vidole vyangu," Sila akasema, "Mzee asingeingia kwenye kompyuta kabisa, na asingetoka. Niliyemtia ni mimi, niliyemtoa ni mimi."

"Bila ulimi wangu," Tabu akasema, "mngekuwa bado mnanong'ona uani na vidole vyenu na masikio yenu. Kiapo kilisema alitaje jina. Nani aliyemtajisha?"

Ilimba lilikuwa mapajani mwa Bibi Mbeleje.

"Mbukwa," sauti ikasalimu kutoka nje.

Alikuwa Dastani. Amekonda, kompyuta kwapani. Nyemo akainuka na mwiko mkononi, Bibi akamzuia kwa kidole kimoja.

"Sikuja kuomba radhi, Bibi, najua hutaki," Dastani akasema. "Nilichofanya nilikifanya. Nimekuja kuuliza neno moja. Sauti ile ya Mzee, akishukuru, iko wapi tena duniani?"

Dastani akamnyooshea Sila kidole.

"Bibi, muulize Sila."

"Sila, mwanangu," Bibi akasema. "Kwenye ile yako, haimo?"

Sila akatazama mikono yake. "Niliifuta, Bibi. Nilidhani ni uchafu."

"Basi iko kwangu peke yangu," Dastani akasema. "Waliompenda walimfuta. Mimi niliyemwibia sikumfuta."

"Kwa uvivu!" Nyemo akafoka. "Ni uvivu wako, mwizi we!"

"Kwa uvivu," Dastani akakubali. "Na jina alilotaka Bibi litajwe, lilitoka kinywani mwa nani kama si mwangu? Nami nihesabuni."

Bibi Mbeleje akasema, "Bonyeza."

Dastani akafungua kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza. Mlio ukavuma uani, ukaanza kufa. "Nimekula kwa Mbeleje."

"Na kesho uje," Bibi akajibu.

Alijibu kabla hajajua kwamba amejibu. Tabu, mwenye ulimi, akaung'ata. Sila akaficha mikono yake. Nyemo alibaki na mwiko umeinuliwa, hasira yake bado nzima, haina pa kutua, kwa maana alimchukia yule mtu kama siku ya kwanza na alitaka abonyeze tena.

Bibi akafuta macho kwa ncha ya kanga, akalinyanyua ilimba kwa mikono miwili.

"Nimeapa," akasema, "na kiapo changu sikirudishi."

Hapo mimi nakaa chini. Msiniambie wagawane, maana ilimba lililokatwa ni kuni. Msiniambie abaki nalo mwenyewe, mmesikia ameapa. Mikono ya Bibi imeshanyooka, na wanne wanaitazama. Wewe unayetikisa kichwa hapo nyuma, na wewe unayemcheka Dastani: mikono ile ni yako sasa. Unalikabidhi kwa nani?