Bangili ya Mwalimu Mwantumu

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, na aliye na jibu la haraka alimeze kwanza. Hadithi hii nimeizungusha kichwani miaka mingi na bado inanikaba.

Muheza palikuwa na mwalimu mstaafu, Mwantumu binti Kihiyo, mjane asiyejaliwa mtoto. Alifundisha darasa la pili miaka thelathini na mmoja, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Figo zake zilikufa zote mbili. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi, ilimpasa awe Tanga mjini akasafishwe damu kwa mashine. Akikosa, maji humjaa miguuni, yakapanda tumboni, yakaingia mapafuni. Mumewe alimwachia vitu viwili: gari dogo jeupe, lililosajiliwa kwa jina la Mwalimu mwenyewe, na bangili moja ya fedha. Basi la abiria hakuliweza tena. Bila gari lile hakuna mashine, na bila mashine hakuna Mwalimu.

Walimhudumia watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Mbwana, mtoto wa kaka yake, alipewa mikono. Akishika usukani, ungeweza kuweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni juu ya dashibodi, ukafika nacho Tanga hakijamwagika.

Kidawa, jirani yake, dereva wa bajaji aliyefundishwa kusoma na Mwalimu huyuhuyu, alipewa macho. Alimtazama mgonjwa mara moja tu akajua usiku ulikuwaje, kala nini, na kaficha maumivu gani.

Semhando, mdogo wa marehemu mumewe, alipewa ulimi. Alikuwa mshenga. Hakuna nyumba aliyokwenda kuposa akarudi na jibu baya, isipokuwa alipojiposea mwenyewe, na hayo si ya leo.

Wakagawana siku za kuendesha. Jumatatu Mbwana, Jumatano Kidawa, Ijumaa Semhando. Na wote watatu, kwa nyakati zao, wakaandikiwa faini. Mbwana alipita penye kibao cha hamsini kwa mwendo wa themanini, maana Shangazi alikuwa anahema vibaya. Kidawa alilipita lori pasiporuhusiwa, maana Mwalimu alikuwa anatapika. Semhando taa moja ilikuwa imekufa. Trafiki alitaka kumsamehe, lakini ulimi hauna mfupa, akambishia mpaka akaandikiwa makosa mawili. Haikuwa mara moja. Mwezi uliofuata ikawa hivyohivyo, na uliofuata pia.

Sasa, sisi tuna desturi yetu: mgonjwa haambiwi. Shamba likiungua, mgonjwa haambiwi. Ndugu akifa, mgonjwa haambiwi mpaka apate nguvu. Basi Mbwana akazificha karatasi zake chini ya kitambaa cha kiti cha nyuma garini. Kidawa akazitia kwenye mkebe wa unga. Semhando akazikunja ndani ya kofia yake, akawa anatembea na deni kichwani. Kila mmoja aliapa moyoni kwamba mwisho wa mwezi atalipa, na kila mwisho wa mwezi pesa ikaishia kwenye dawa na mafuta. Wala hawakuambiana wao kwa wao. Faini ya gari hailali, huzaa, na yote iliandikwa kwa jina la Mwantumu binti Kihiyo.

Mnadhani Mwalimu hakujua? Mtu aliyekamata watoto wakificha maembe kwenye soksi miaka thelathini na mmoja? Alizisikia karatasi zikilia chini ya makalio yake kila gari lilipokata kona. Aliiona kofia ya shemeji yake inavyonenepa. Akanyamaza. Aliona kwamba watu hawa wameacha kazi zao, wameacha nyumba zao, na yeye hana cha kuwalipa; angewaaibishaje? Hata barua ilipoletwa, bahasha ya kaki yenye muhuri wa dalali wa mahakama, aliipokea mwenyewe mlangoni akiwa peke yake. Hakuifungua. Aliisukuma chini ya godoro, akajilaza juu yake, akalia mpaka kanga ikalowa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mficha faini hawakusema kitu, labda kwa sababu hawakuwa na magari.

Zikapita siku kumi na nne, na tatu juu yake.

Jumatano saa moja asubuhi Mwalimu alikuwa amekwishapakiwa garini, mito miwili mgongoni. Hali yake ilikuwa mbaya, kwa hiyo wote watatu walikuwa hapo. Likaingia uani gari la kuvuta magari mabovu, na nyuma yake dalali, Bwana Kitundu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, pamoja na vijana wawili wenye minyororo.

"Mama, shikamoo. Nina amri ya mahakama. Naomba ushuke."

Mwalimu alijaribu. Wallahi alijaribu. Alishika mlango, miguu ikakataa. Aibu iliyompata mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani ilimwuma kuliko figo.

"Mshusheni polepole," Kitundu akawaambia vijana wake. "Mlazeni hapo barazani kwenye mkeka, apumzike."

Hapo yakafanya kazi macho ya Kidawa. Aliona midomo imeanza kuwa na rangi ya kijivu, akaona shingo inavyovuta hewa, akajua maji yamekwisha kufika mapafuni. Akaruka akasimama katikati ya Mwalimu na wale vijana. "Asilazwe! Mkimlaza chali atazama hapohapo mkimwangalia. Mwacheni aketi. Na asipofika kwenye mashine leo, huu mkeka mtauhitaji kwa kazi nyingine." Vijana wakaiachia minyororo. Kama si Kidawa, Mwalimu angefia barazani kwake kabla jua halijafika kwenye paa.

Kisha ukafanya kazi ulimi wa Semhando. Hakukana deni; mshenga hakani, huomba. Alivua kofia, karatasi zikamwagika miguuni pake mbele ya shemeji yake, akaziacha hapo. "Bwana Kitundu, sikuja kusema hatudaiwi. Dawa ya deni kulipa, gari ni lako. Nakuposa saa chache tu. Liende, limfikishe, limngoje, lirudi kabla ya saa kumi jioni. Mahari yangu ni mimi mwenyewe. Nichukue rehani. Lisiporudi, nipeleke polisi."

Kitundu alimtazama mgonjwa, akaitazama amri mkononi mwake. "Nikikamatwa, kibarua changu kimeota nyasi," akasema. Lakini alimpakia Semhando kwenye lile gari la minyororo, akampeleka yadini kwake, yanakowekwa magari yaliyokamatwa. Kama si Semhando, gari lingeondoka na Mwalimu angebaki.

Na mwisho ikafanya kazi mikono ya Mbwana. Zamu ilikuwa ya Kidawa, lakini alimwachia usukani, yeye akakaa nyuma na mgonjwa. Ilikuwa saa mbili kasoro, na huko hospitali ukichelewa mashine hupewa mwingine. Barabara ilikuwa inatengenezwa, mchepuko wa mashimo matupu, na trafiki walikuwa wamesimama sehemu tatu. Akisimamishwa mara moja tu, deni lingeonekana na safari ingekomea hapo. Mbwana hakuvuka hamsini penye hamsini. Hakulipita lori pasipo ruhusa. Kila shimo alilikwepa au alilishuka taratibu, na kule nyuma Mwalimu hakuyumba kwenye mito. Walifika muuguzi akiwa ameshika faili la mtu mwingine. Kama si Mbwana, mashine ingekuwa tayari na mtu mwingine.

Mwalimu akapona siku ile.

Saa nane, wakirudi, Mbwana alipunguza mwendo karibu na mashamba ya mkonge. "Shangazi, humu ndani kuna njia. Nikiliingiza gari humu hawalioni mwaka mzima. Mzee Semhando ana ulimi, atajitoa mwenyewe."

 Kidawa naye alikuwa amekwisha kuiona ile njia.

Mwalimu alikuwa na nguvu kidogo aliyopewa na mashine, akaitumia yote. "Shemeji yangu amekaa pale rehani kwa ajili yangu. Rudisha gari, mwanangu." Alijua anakata tawi alilokalia. Mbwana aliendesha mpaka yadini machozi yakimdondoka, na hata hapo hakugonga shimo.

Walimkuta Semhando ameketi juu ya tairi bovu, kichwa wazi. Kitundu akapokea funguo kwa mikono miwili, kisha akamwuliza Mwalimu neno ambalo afadhali asingeuliza.

"Mama, kwa nini hamkuijibu barua? Ilikuwa imeandikwa humo. Mgonjwa alete cheti cha daktari ndani ya siku kumi na nne, apewe muda, alipe kidogokidogo. Gari nisingeligusa."

Wale watatu wakatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeificha. Mwalimu akatazama chini.

Ijumaa alikwenda kwa bajaji ya Kidawa. Alirushwarushwa na mashimo kwa muda wa saa mbili na zaidi, akafika hajitambui, na muuguzi akasema safari kama hiyo hairudiwi. Jumamosi gari likauzwa mnadani. Bangili ilipelekwa kwa sonara. Akaipima, akairudisha, akasema haifikii teksi ya siku moja, naye Mwalimu akaivaa tena.

Jumapili alasiri Mwalimu aliwaita wote watatu chumbani. Aliketi akiegemea mito minne. Mkono ulikuwa umezidi kuvimba, ikabidi Kidawa alete sabuni ndipo bangili ikatoka.

"Kesho ni Jumatatu," akasema, "na sina gari. Sina hakika ya Jumatano. Nataka nitoe kwa mkono wangu ningali hai. Hii apewe aliyeniokoa siku ile."

"Si mimi, Shangazi," Mbwana akasema. "Faini ya kwanza ni yangu."

"Si mimi, Mwalimu. Niliona mpaka maji ya mapafuni, sikuona tunakokupeleka."

"Wala mimi, Shemeji. Nina ulimi wa kuwaposea watu wachumba, nikakosa neno moja la kukwambia wewe."

Mwalimu akapeleka mkono chini ya godoro, akaitoa ile bahasha ya kaki, haijafunguliwa bado, akaiweka mapajani kando ya bangili. Hakuna aliyeigusa. Aliona macho yao yanavyoshuka kwenye muhuri, na akaona wanavyomsamehe kabla hajasema neno, na msamaha huo ukamwelemea. Miaka thelathini na mmoja aliwapa watoto zawadi za chaki na daftari, na hakuwahi kukosea anayestahili. Siku ile hakujua.

Msiniambie aikate vipande vitatu. Bangili ikikatwa si bangili. Wala msiniambie azikwe nayo, maana amesema atoe akiwa hai. Bila macho angefia barazani, bila ulimi gari lingeondoka, bila mikono mashine ingepewa mwingine. Na kila mmoja wao aliificha karatasi iliyolichukua gari. Yupo na wa nne, yule dalali, aliyehatarisha kibarua chake kwa saa chache, kisha akauza.

Je, ninyi mngempa nani? Semeni upesi. Ameishika bangili, mkono umenyooka, na kesho ni Jumatatu.