Funda la Mwisho la Divai

Hapo zamani, na tulieni kwa sababu sirudii, watu watatu walikuwa wanafokeana mlangoni pa kanisa, na kilichowagombanisha ni migomba arobaini.

Migomba ilikuwa ya Tusekile, mjane. Aliyeifyeka ni jirani yake Anyosisye, siku ya gulio, mchana kweupe, eti iliyatilia kivuli mahindi yake. Hakuna aliyemwona. Angenyamaza, mambo yangepita. Lakini Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa zima, akalia, akasema, "Ni mimi." Kwaya ikaimba. Wazee wakamkumbatia. Tusekile akarudi nyumbani, sufuria tupu.

Aliyempandia machipukizi mapya ni Gwamaka. Arobaini, kwa samadi ya ng'ombe wake mwenyewe, na hakuomba hata kikombe cha togwa. Huyu Gwamaka kanisa lilikuwa limemtenga miaka sita kwa kuoa mke wa pili.

Basi mchungaji, aliyekuwa akipanda mlima hadi kanisani pale mara moja kila miezi mitatu, akaja na Meza ya Bwana. Watu wakashiriki, mzee wa kanisa Ambokile akiwa wa kwanza. Desturi ya pale, aliyetubu hagusi kikombe mpaka aliyekosewa ampe mkono mbele ya watu, na asiyetoa mkono naye hagusi. Tusekile mkono hakuutoa. Ndipo Ambokile akawafuata mlangoni, wao wawili pamoja na Gwamaka.

"Dada, samehe. Yesu ameshalipa."

"Yesu alilipa dhambi, mzee. Migomba yangu hakuipanda. Huyu ana mikono miwili na jembe."

"Nikilipa si nitakuwa nainunua neema?" akasema Anyosisye. "Nimesamehewa bure."

"Bure kwako. Mimi imenigharimu migomba arobaini."

"Nilijitaja mwenyewe, Tusekile. Nani angejua? Nimeaibika mpaka kwa watoto wangu. Kama hiyo si toba, nani atatubu tena hapa?"

Gwamaka akacheka. "Ulilia vizuri, ndugu, hilo nakupa. Mimi kulia sijui. Nimechimba mashimo."

"Na una wake wawili," akasema Ambokile.

"Ninao. Nimfukuze mmoja na watoto wanne ili nile mkate?"

"Kwa hiyo hujutii."

"Sijutii."

Anyosisye akamgeukia mjane. "Na wewe unamwombaje Baba akusamehe, wakati mwenyewe husamehi?"

"Siombi. Nikifika hapo kwenye sala nanyamaza, wenzangu wanaendelea. Angalau sidanganyi. Lakini kikombe nakitaka. Niliyekosewa ni mimi, halafu na mezani nikose?"

Mchungaji akatoka na kikombe mkononi, kachoka. "Limebaki funda moja, na mimi nina safari ya mwendo wa saa tano. Mzee, nani?"

Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Mimi niliyekosewa."

"Mimi niliyetubu."

"Mimi niliyetenda."

Ambokile akakohoa, akafumba macho kama kawaida yake akitaka kusema jambo zito. "Ndugu zangu, hakuna anayestahili. Ni neema tu." Akakipokea kikombe, akanywa yeye. Mara ya pili siku hiyo.

Sasa ninyi mnaocheka, msinijibu kama Ambokile. Kwamba hakuna anayestahili nalijua, na ni kweli, na wajanja wameligeuza blanketi la kujifunikia. Mbele ya mlango ule alikuwapo mwenye kinyongo asiyedanganya, mwenye toba asiyelipa, na mwenye kutenda asiyejuta. Msinizungushe na mistari. Je, nani alistahili funda lile? Nataka jina.