Mbuzi Aliyekaa Eda

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mlima wa theluji, na hema, na mbuzi mmoja.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya baridi kali, watu walihamahama na mbuzi wao. Mmoja wao alikuwa Nargisi. Mumewe, Yarikuli, alifariki baridi ilipoanza. Alimwachia mtoto mdogo, pete ya ndoa, na mbuzi wa maziwa. Nargisi akakaa eda hemani, mbuzi akakaa naye.

Mbuzi yule alikuwa na nywele ngumu kwa juu. Chini yake ilijificha sufu laini kama pumzi ya mtoto.

Akaja Mbweha, mchuuzi. "Hodi, mama! Mkate mbuzi sufu, unipe, nikupe unga."

Nargisi akauliza, "Mbuzi wangu, sufu imeachia?"

Mbuzi akaimba:

"Bado, mama, bado,
sufu imenishika,
nami nimeishika,
Mungu ataifungua."

"Umesikia," akasema Nargisi. "Nikimkata sufu leo, baridi itamuua. Akifa, mwanangu atakunywa nini?"

Mbweha akaenda. Akarudi na unga na asali. "Mama, unalia mpaka leo? Marehemu harudi! Kata sufu, ukate na kilio."

Nargisi akauliza tena. Mbuzi akaimba tena: "Bado, mama, bado." Kisha akamwambia Mbweha, "Na mimi niko edani kama mama. Eda haina haraka."

Mbweha akaondoka akinuna. Siku ile Nargisi alikoroga unga wa mwisho. Akasema, "Ya Rabi, nipe subira."

Mara ya tatu Mbweha akaja amevaa buibui, analia. "Uuuwi! Pole, mwanangu! Mimi shangazi yake marehemu!"

Nargisi akamkaribisha, akamtilia maziwa.

Mbuzi akamtazama. "Shangazi, mbona mkia unachungulia?"

"Ni ushungi, mjukuu wangu."

"Ushungi wa huko nyuma?"

Mbweha akachomoa mkasi, akakata fungu la nywele mgongoni, akatoka mbio! Lakini alizoondoka nazo ni zile ngumu za juu. Sufu ilibaki imemshika mbuzi, na mbuzi akabaki na joto lake.

Mbweha akamwendea Buibui wa miguu minane, fundi wa kufuma. "Nifumie skafu, upesi!" Akafumiwa, akajifunga shingoni. Ikamwasha! Akajikuna, akajikuna, na hadi leo anajikuna.

Theluji ikayeyuka. Eda ikaisha. Nargisi akaoga, akatoka nje, jua likampiga usoni. Mbuzi akaimba:

"Sasa, mama, sasa,
sufu imeniachia,
nami nimeiachia,
Mungu ameifungua."

Nargisi akachukua kitana, akamchana polepole. Sufu ikaja yenyewe. Akachambua nywele ngumu akazitupa, akasokota uzi, akampelekea Buibui. Buibui akafuma skafu bila haraka, kisha akasema:

"Mama, ipitishe kwenye pete yako, tuone ulaini wake."

Nargisi akavua pete ya Yarikuli. Skafu ikapita yote, mpaka ncha. Nargisi akalia, kisha akacheka. "Laiti angeiona!"

Wasafiri walioiona wakaleta magunia ya unga, wakaagiza nyingine. Ile ya kwanza hakuiuza. Alimfunika mwanawe.

Ndugu zangu, funzo ni hili: aliyefiwa msimharakishe. Mpelekeeni uji, kaeni naye. Siku yake ikifika, Mwenyezi Mungu atailegeza huzuni yake, nayo itaachia bila kuvutwa.

Hadithi yangu imepita petini. Ikiwa laini, jifunikeni nyote. Ikiwasha, niachieni nijikune mwenyewe.